Kioo Walichokiacha Siku ya Kumaliza Kilio

Ngoy mwanangu,

Ukiisoma barua hii umeshavuka mpaka. Nilimpa baba yako mdogo Banza nikamwomba asikupe kabla hamjapita Kasumbalesa, maana nakujua. Juzi ulinikunjia uso ukasema utaruka lori likipunguza mwendo tu, urudi kwetu Kikula hata kwa miguu, uingie mashimo ya madini na wenzako unilishe. Sasa mpaka uko nyuma yako. Kasirika kwanza kwa hilo, kisha endelea kusoma, kwa sababu mbele kuna la kukukasirisha zaidi.

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako. Nimekaa mezani, umeme bado upo. Mambo ya sweta na sabuni, ya kuchemsha maji na kuwaamkia wakubwa, siyaandiki. Usilolishika mpaka leo hutalishika kwa karatasi. Nataka kuandika habari za kile kioo chetu. Nilijaribu kuandika habari nyingine nikachana karatasi. Kila nikianza na wewe najikuta kwenye kioo.

Ulikuwa mdogo baba yako alipofariki, lakini si mdogo wa kusahau. Tumbo lilimshika Jumapili, hospitali ilikuwa na vitanda bila dawa, na kabla ya Jumapili nyingine tulikuwa makaburini. Ndugu zake walikuja kutoka Bukama. Walilia kweli, sitawasingizia. Siku ya kumaliza kilio wakaanza kutoa vitu nje. Kwao vitu vya mwanamume ni vya ukoo wake, mjane anabaki na nguo alizovaa. Wakatoa kitanda, friji, baiskeli, na ile mashine ya kushonea niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na desturi haikuniruhusu kufungua mdomo. Ulisimama mlangoni ukinitazama, ukingoja niseme neno.

Banza, mdogo wa baba yako wa tumbo moja, ndiye aliyebeba televisheni. Kisha akarudi ndani kuangalia kama kuna kilichobaki, akakiona kile kioo cha kompyuta kwenye kona.

Unajua kilivyofika pale, lakini acha niseme tena, napenda kumkumbuka baba yako akicheka. Nilikuwa karani wa mizani kiwandani. Mabehewa ya mawe ya shaba yalipita, mimi nikapiga uzito wake kwenye kompyuta, miaka nenda rudi, macho kwenye kioo hicho hicho. Mishahara ilipokatika na ofisi kufungwa, wakatugawia vyombo vya ofisi mahali pa mshahara. Mwenzangu mmoja alipata kabati, mwingine feni, mimi nikapata kioo bila kompyuta yake. Nilikileta nyumbani kwa mkokoteni, nimejaa aibu. Baba yako alikizunguka, akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Mama Ngoy, banakulipa kichwa, mubili balibakia nayo." Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi Banza akakichomeka umeme. Kikabaki cheusi. Akakipiga ubavuni, kikabaki cheusi.

"Hii haiko hata na antene," akawaambia wenzake. "Njo ya ku bureau, ya ofisi, haionyeshe kintu. Muache yo. Mama Ngoy atatia maua juu."

Wakacheka. Kilio kilikuwa kimekwisha, watu wanaruhusiwa kucheka. Na ile mashine ya michezo ya video, ambayo baba yako aliinunua kwa mwalimu Mbelgiji aliyekuwa anafungasha mizigo kurudi kwao, waliiacha pia. Bila televisheni ilikuwa kisanduku cha plastiki tu, na maneti mbili, vile vishikio vya mkononi vyenye vitufe, ambazo mtoto angechezea uani.

Siku zilizofuata nilikaa nimeshika tama. Sikupika, sikufagia. Wewe ndiye uliyekwenda nyuma ya kioo ukapiga magoti. "Mama, kuya uone," ulisema. "Hii iko na matundu. On essaie, tujaribu?"

Unaikumbuka picha tuliyokuwa tunaipata kwenye televisheni wakati wa baba yako? Nyeusi na nyeupe, imejaa chenga, mpira huuoni mpaka uingie golini. Mashine ilikuwa ya Ulaya, televisheni ya kwetu ilifuata mfumo mwingine, rangi zikapotelea njiani. Kioo cha kazini hakikuwa hivyo. Kilipokea kila rangi kwa waya wake, nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake, na waya mwingine wa kuishikilia picha isitembee. Hilo nililijua kwa sababu kazini waya wa kijani uliwahi kulegea nikapiga uzito wa mabehewa wiki nzima kwa rangi ya waridi. Lakini mimi nilikijua kioo kwa mbele tu. Kwa nyuma ulikwenda wewe.

Ulikata waya wa mashine kwa kisu cha baba yako, pale karibu na kile kichwa kipana chenye meno mengi, nami nikapiga kelele kwa sababu nilidhani umetumaliza. Picha ya kwanza ilipanda juu bila kusimama. Ulipoupata waya wa kuishikilia ilitulia, lakini uwanja ulikuwa mwekundu na wachezaji wana nyuso za kijani. Hapo ulicheka, na sikuwa nimekusikia ukicheka tangu makaburini. Tukabadilisha waya. Sasa rangi zikawa mahali pake lakini zinawaka mno, nyuso zote nyeupe pe. Tukatoa kwenye redio iliyokufa vile vidude vidogo vyenye mistari ya rangi, vya kupunguza nguvu, ukaunga kimoja kwa kila waya, na nyuso zikarudi. Ikabaki mistari iliyokuwa ikishuka polepole kama maji kwenye ukuta. Ile ilitushinda muda mrefu. Tulikuwa tumekiweka kile kisanduku kidogo cha umeme wa mashine juu ya waya wa picha, tumevifunga pamoja kwa kamba ili pasiwe na fujo. Usafi wangu huo. Ulipovitenganisha, ukauvika waya ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti za sigara tulizookota nje ya baa, ukaibana kwenye bati la nyuma ya kioo, mistari ikaondoka.

Majani yakawa majani. Namba migongoni mwa wachezaji zilisomeka kutoka mlangoni. Nililia, na safari hiyo sikumlilia baba yako. Nililia kwa sababu nyumbani mwetu kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa sawasawa.

Ndivyo tulivyokula miaka hii yote. Watoto wa Kikula walikuja kucheza, wakilipa walichokuwa nacho, noti, kikombe cha unga, makaa kwenye mfuko. Kulikuwa na vyumba vingine vya michezo, vyenye televisheni kubwa kuliko kioo chetu, lakini walikuja kwetu. "Kwa mama Ngoy unaona hata mupira," walisema. Jioni, umeme wa bwawa la Mwadingusha ulipochoka na picha kujikunja pembeni, wewe uliwarudishia unga wale waliokuwa hawajamaliza mchezo. Mimi nilikugombeza kwa hilo. Nilikosea, lakini njaa ilikuwa inasema kwa mdomo wangu.

Kuna jambo jingine ambalo hatujawahi kulizungumza. Ile siku doa la zambarau lilipotokea kwenye kona ya kioo. Kila mchezaji aliyepita pale aligeuka zambarau, na watoto wakaanza kusema kioo kinakufa. Nilikuita. Nilikuuliza umefungua nini nyuma, ukasema hukugusa, nikakupiga kofi mbele ya wateja. Ulikuwa umeshanipita kwa urefu. Ulikwenda tu kukaa nje. Baada ya siku kadhaa ulisogeza ile spika ya redio niliyoiweka ubavuni mwa kioo ili sauti isikike, na doa likaanza kufifia. Ndani ya spika kuna sumaku. Mimi ndiye niliyeiweka. Ulijua, nami nilijua kwamba umejua, na jioni ile nilikupikia samaki badala ya kukuomba radhi. Samaki haombi radhi. Nakuomba leo.

Na mwangaza. Waliokaa nyuma walilalamika hawaoni, nami nikawa naongeza mwangaza kila siku kidogo, kwa kuwa picha inayowaka inavuta watu kutoka barabarani. Uliniambia, "Mama, si mwangaza njo unafanya picha ikuwe muzuri. Rudisha cheusi kikuwe cheusi, byote bitaonekana." Sikukusikia. Nilitaka mlango ujae. Sasa ule mstari wa hesabu ya magoli umeunguza kioo ukaacha alama, unauona hata mashine ikiwa imezimwa, sifuri kwa sifuri. Ukipata vyombo vyako huko uendako, mtu atakuja kukuhimiza uongeze mwangaza. Mara nyingi atakuwa mtu anayekupenda na mwenye njaa. Utaamua mwenyewe.

Sasa nifike kwenye shimo.

Ulidhani sijui. Ulikuwa unatoka alfajiri ukisema unakwenda kutafuta risasi ya kuunganishia waya, unarudi umeoga mtoni, nguo safi. Lakini siku moja nilikwenda kurekebisha picha nikakuta udongo mweusi wa madini kwenye kile kifundo cha kuzungushia mwangaza, umeingia kwenye mikunjo yake. Mwanangu, nimepima udongo ule nusu ya maisha yangu. Naujua unavyong'aa ukiusugua kwa kidole. Nilikaa chini pale pale. Ulipoingia nilikuonyesha kidole changu, ukasema tu, "Mama, ni juu ya kula."

Wateja walikuwa wamepungua, kioo kilikuwa kimeanza kuchoka, na ulichokileta kutoka shimoni kilinunua unga, nami niliula. Niandike hivyo hivyo: niliula nikijua ulikotoka. Kisha shimo likamfunika Dieudonné, mtoto wa jirani yetu mama Kapinga. Walichimba mpaka jioni wakafikia mkono wake, udongo ukashuka tena, wakaacha. Mama Kapinga hana kaburi la kwenda. Ulilala mwaka mzima kitanda kimoja na Dieudonné wakati familia yake ilipokuwa haina nyumba. Na baada ya siku chache ukatoka tena alfajiri.

Siku hiyo nilifunga kitambaa kichwani nikaenda kumtafuta Banza.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, Ngoy. Umekuwa ukiamini kwamba Banza alikuja kukuchukua kwa nguvu ya ukoo, kwamba baada ya kitanda na televisheni alirudi kuchukua kilichobaki, na kwamba mimi nilinyamaza tena kama siku ya kilio. Umemwita mwizi mbele yangu mara nyingi. Sikukukataza. Si yeye aliyekuja. Mimi ndiye niliyekwenda.

Nilimkuta karibu na soko, kalala chini ya lori lake anakaza nati. Tangu kilio hatukuwa tumesalimiana. Alijitoa pale chini akapangusa mikono.

"Shemeji? Weye njo unakuja kunisalimia?"

"Sikuye kukusalimia. Nakuya kukuomba ukamate mutoto, aishi kwako."

Alidhani nina homa. Akasema ana watoto wake, akasema Chingola, ng'ambo ya mpaka anakoishi, imejaa vijana kutoka kwetu wanaolala sokoni, na kibanda alichofungua huko cha kutengeneza televisheni kinamlisha kwa shida. "Nitamutia wapi? Anajua kufanya nini?"

Nilipiga magoti, pale kwenye mafuta ya lori, watu wanapita. Uhai wangu wote sijawahi kumpigia magoti mtu wa ukoo ule. Kwetu sisi Wabemba mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba wako akisikia kwamba nimekutoa kwa mkono wangu mwenyewe hatanisemesha tena. Nilimwambia Banza, "Kuya uone tu. Ukishaona, sema apana, minye nitanyamaza."

Unaikumbuka Jumamosi ile niliyokuambia kuna mgeni mkubwa, usafishe picha kuliko siku zote? Ulifurahi. Ulidhani tumepata mnunuzi au mtu wa kutukodisha kwenye harusi. Ulifuta meno ya waya kwa kitambaa ulicholowesha lutuku, ile pombe ninayoificha kabatini, ukaipeleka spika mbali, ukakiacha kioo kipate joto kabla ya kugusa chochote, ukashusha mwangaza mpaka usiku wa nyuma ya uwanja ukawa usiku kweli. Nilikuwa nakutazama mikono. Nilitaka kukuambia acha, tingisha waya mmoja, fanya kitu kiharibike.

Banza alipoingia ulisimama, ukamwangalia, ukatoka ukibamiza mlango. Hukuona yaliyofuata. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Alishika maneti lakini hakucheza. Alitazama tu.

"Njo kile kioo?" aliuliza.

"Njo kile."

Aliweka maneti chini. "Nani alifanya hii picha?"

"Mutoto wa kaka yako."

Alivua kofia. Alisema mafundi wake wawili hawawezi picha ile, na kwamba hata yeye hawezi. Kisha akaanza kulia, mtu mzima yule, akasema ile televisheni haikumaliza mwaka. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimelia yangu ndani ya nyumba hii hii bila yeye.

Alipokuwa mlangoni akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Nitamukamata. Lakini mutoto asijue weye njo uliniomba. Atakuchukia, na atarudia huku kukuuliza. Useme minye njo nilikuya kumuchukua. Anichukie minye, nimezoea."

Nami nikakubali. Wiki hizi zote nimekuacha umtukane, umgeuzie mgongo, ukatae hata chai aliyokununulia, huku ukinishika mimi bega na kuniita "mama masikini". Kila uliponishika bega nilitaka kupiga yowe. Lakini utaishi chini ya paa lake, utakula kwenye sahani ya mke wake, na mtu huwezi kumtoroka usiku kwa kosa ambalo hakulifanya. Ndiyo maana nimevunja mpango wake. Mwambie nimeuvunja. Ya kilio ni yake, atayajibia yeye, na ukitaka kumuuliza muulize. Hili la sasa ni langu.

Kuna moja limebaki. Umesema utarudi. Utarudi wapi? Kioo nimekiuza kwa mtu wa mtaa wa Panda, anakuja kukichukua ukishaondoka. Ndicho kilicholipa viatu ulivyovaa na karatasi za kuvukia. Chumba nimemrudishia mwenye nyumba, na watu wengine wanaingia Jumatatu. Mimi nakwenda Mulungwishi, nimepata kazi ya kupika kwenye bweni la wanafunzi, nalala huko huko jikoni. Si mbaya. Ukija Kikula utakuta mlango umefungwa na sauti za watoto nisiowajua, na karibu yako kitakachokuwa wazi ni shimo tu. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Nilikaa nikafikiri ni nini kitakachoweza kukurudisha, nikakiondoa kimoja kimoja, mpaka nikabaki mimi.

Sijui kama utaniandikia. Nitaumia usipoandika, sitakuficha, nitaumia sana. Lakini mama Kapinga angetoa macho yake yote mawili apate mtoto aliyekasirika mahali fulani, anayekula, anayelala, asiyetaka kumwona. Mimi huyo mtoto ninaye. Kwa hiyo usinisamehe haraka ukaja kuniambia. Kama utanichukia, Ngoy, nichukie kutoka huko huko.

Mama yako